Askari wa Makopo

Haya nilisimuliwa na mke wa Fundi mwenyewe, juzi juzi tu, wiki ile nilipokwenda kupimwa macho. Tulikaa benchi moja tangu asubuhi. Mimi nilikuwa namngoja daktari wa macho, yeye alikuwa anamngoja mumewe aliyeingia chumba cha pili kuonyesha mikono. Foleni haikusogea, na watu wawili wakikaa benchi moja kwa saa nne watasemezana tu, hata kama hawajuani. Aliyonieleza nayaandika kama alivyoyasema. Aliyoyaruka nimeyajaza mwenyewe, maana na mimi nimekaa kwenye ndoa.

Fundi alikuwa akipaka rangi vitu vidogo. Si nyumba, mifano ya nyumba. Wasanifu wa majengo, kabla hawajajenga, hutengeneza jengo dogo la kadi na plastiki linaloenea juu ya meza, ili mwenye fedha zake aone anachonunua. Kwenye hilo jengo dogo kuna milango, ngazi, magari, miti, na watu. Watu wenyewe urefu wao ni pingili moja ya kidole. Wanakuja weupe kama chumvi, na lazima mtu akae awavishe: huyu shati, yule gauni, huyu nywele.

Kitu kidogo hivyo hakishikiki kwa mkono. Ukikishika, unajipaka rangi vidole. Ndiyo maana Fundi alibuni vishikio vyake. Alichukua kopo la maziwa, akalijaza mchanga na saruji kidogo, na kabla saruji haijakauka akachomeka spoku ya baiskeli. Juu ya spoku akafunga kwa waya kibanio cha kuanikia nguo, ambacho midomo yake ameichonga mpaka ikawa myembamba kama mdomo wa ndege. Kitu kikibanwa pale, hata upige meza ngumi hakiendi popote. Alikuwa na makopo arobaini, yamepangwa mezani mistari minne. Aliyaita askari. Alisema wanasimama siku nzima na hawaombi chai. Nguo za nyumba ile zilikuwa zinafungwa mafundo kwenye kamba, kwa kuwa vibanio vyote vilikwisha kwenda uaskarini.

Kila aliyewaona askari wale alimsifu Fundi kwa akili. Hakuna aliyejua kwamba aliwatengeneza kwa hofu. Siku moja alikuwa anapaka kimlango, rangi ikamtoka nje ya mstari. Akadhani kimlango ndicho kinachotikisika. Akatafuta kopo, akakibana. Kimlango kikatulia tuli, naye akabaki anaangalia ncha ya brashi ikicheza yenyewe kama mkia wa mjusi.

Basi mke akachukua brashi. Hakuna aliyemwambia aichukue. Kazi ilitakiwa kesho yake, watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, na njia nyingine haikuwapo. Alikuwa na mkono mwepesi wa kushona, na miaka yote alimwona mumewe akipaka. Alipaka mlango ule, akapaka na mingine, na Msanifu aliyewapa kazi akatuma salamu kwamba Fundi safari hii amejishinda. Ikawa hivyo miezi minane. Mke anapaka, mume anabana vitu kwenye askari na kuvipanga. Wakatundika pazia katikati ya chumba cha mbele, wakamwambia mama yake Fundi kwamba kazi ile haitaki vumbi.

Siri yenyewe ilikuwa nzito kwa sababu moja. Msanifu alimpa Fundi kazi kwa ajili ya mkono wake. Siku akijua mkono ule umekwenda, na kazi nayo imekwenda, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na kazi nyingine.

Mama yake Fundi alikuwa na kiti chake dirishani, penye mwanga wote wa nyumba. Kutoka pale alichokiona ni miguu minne chini ya pazia. Majirani wakija aliwaonyesha pazia kwa kidevu, akiwaambia kwamba mikono ya mwanawe iko kazini, mikono ambayo zamani, alipokuwa mwandika mabango, ilivuta mstari ubavuni mwa lori bila rula. Kisha alishusha sauti, lakini si sana. "Mwenzake kazi yake kumtazama. Anakaa humo kutwa kama yuko arusini."

Mke alisikia kila neno, brashi mkononi, ananyoosha kola ya mwalimu, ndogo kuliko punje ya mchele. Alimeza. Akameza na kesho yake. Mwanamke akimeza kila siku, tumbo nalo lina mwisho wake.

*

Ilipokuja kazi ya hospitali, waliletewa watu thelathini na sita. Madaktari, wauguzi, wagonjwa, mama mwenye mtoto mgongoni.

Kubana watu kuna kanuni. Unambana miguuni, kwa sababu popote kibanio kinaposhika rangi haifiki, na miguu itaingia kwenye gundi, hakuna atakayeiona. Fundi aliijua kanuni hii kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyeitunga. Lakini watu hawa miguu yao ilikuwa myembamba kama njiti, na mkono wake wiki ile ulikuwa mbaya. Akambana wa kwanza, mguu ukakatika. Wa pili, ukakatika. Wa tatu akashikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ukakatika vilevile. Akawaweka wale watatu ndani ya kiboksi cha kibiriti, akakificha rafuni nyuma ya makopo ya rangi. Waliobaki akawabana vichwani. Kichwa ni kinene, kinavumilia.

Mke alipoona wamebanwa vichwa, alisita. Mumewe akamwambia apake mwili na uso na nywele anazozifikia. Yale mabaka mawili yatakayobaki, juu ya sikio la kulia na juu ya sikio la kushoto, amwachie yeye.

"Hayo niachie," alisema. "Na mimi nifanye kitu."

Mtu akikuomba hivyo, kwa sauti ile, utamnyima vipi? Mke akapaka, akaweka brashi, akaenda kulala.

Ijumaa alfajiri Fundi akaamka peke yake. Akamtoa wa kwanza kibanioni, akajaribu, rangi nyeusi ikamteremkia shavuni, akaifuta. Akajaribu wa pili. Kisha akakaa muda mrefu, mikono ameikalia. Kulipokucha akawatoa waliobaki kwenye askari, akawalaza wote thelathini na watatu ndani ya boksi lenye pamba, akafunga. Mke alipoamka akamkuta ameikalia tena mikono, akaambiwa kazi imekwisha. Angeweza kufungua aangalie. Hakufungua, maana kufungua kungekuwa kusema kwamba hamwamini, na mwanamume aliyekalia mikono yake huwezi kumwongezea hilo.

*

Jumatatu asubuhi Msanifu akapiga hodi, boksi kwapani.

Mama yake Fundi ndiye aliyemkaribisha. Akamwambia bila shaka amekuja kumshukuru mwanawe. Msanifu akamjibu kwa adabu, lakini hakukaa. Fundi akatoka nyuma ya pazia, mkono wa kulia mfukoni kama kawaida yake. Mke alikuwa uani anafunga nguo mafundo.

Msanifu akafungua boksi, akalishusha juu ya stuli. Akaeleza bila kupandisha sauti, na heri angepandisha. Vijana wake waliwabandika Ijumaa usiku kwa haraka, na Jumamosi kamati ikaja kuangalia mfano. Mzee mmoja wa kamati aliinama juu ya jengo, akavaa miwani, akauliza kama hospitali hii ni ya mapunye tu au inatibu na maradhi mengine. Wote walicheka.

"Na mimi nikacheka," Msanifu akasema, "kwa sababu wao ndio wenye hela."

Usiku ule aliwabandua wote. Kesho saa tatu wanakuja wafadhili wenyewe. Tena waliorudi ni thelathini na watatu, na yeye alileta thelathini na sita.

Msanifu akamwinua mmoja, muuguzi mwenye sare ya kijani iliyopakwa vizuri mpaka vifungo, na mabaka mawili meupe kichwani.

"Siku zote mnabana miguu. Nawasifu kwa watu kwa ajili hiyo. Leo nani amewabana vichwa?"

Fundi akatazama boksi. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinua uso kwenye kiti chake, anangoja mwanawe ajibu kama mwanamume.

"Mke wangu," akasema. "Kubana namwachia yeye."

"Na hao watatu?"

"Labda amewafagia."

Mke alikuwa amesimama mlango wa uani na shati bichi mkononi, maji yanamdondokea mguuni. Alisikia yote mawili. Msanifu akageuka, akamwona, akamwambia pole kwa kazi, lakini kazi yenyewe ni kubana tu, na kubana hakuhitaji shule. Alisema kwa upole. Mama mkwe akaachia kicheko kidogo cha puani.

"Si nilisema mimi. Kazi yake moja, nayo ndiyo hiyo."

Mke akaingia ndani. Alilikunja lile shati kama limekauka, akaliweka.

Msanifu akavuta kiti, akaketi. Akasema hataondoka kabla hajamwona mtu mmoja amekuwa sawa, nywele zifanane na nywele, maana akiondoka bila kuona hatalala. Ni kazi ya dakika mbili. Mama yake Fundi akafurahi. Akasogeza kiti chake kando akasema waje hapo dirishani, penye mwanga, na yeye amwone mwanawe akipaka, kwa kuwa tangu litundikwe lile pazia anasikia habari zake tu.

Fundi akasema rangi ile inataka kukorogwa kwanza. Akaambiwa ikorogwe. Akasema vumbi la dirishani. Msanifu akasema mvua imenyesha jana, vumbi liko wapi. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikwisha ona mwisho wake. Akamtazama mkewe. Miezi minane alipokwama alimtazama hivyo, naye mke akapata neno: Fundi amelala, Fundi ametoka, Fundi kichwa kinamuuma. Safari hii mke hakutafuta neno.

Alikwenda nyuma ya pazia akarudi na askari mmoja. Akamchukua yule muuguzi, akambana mwenyewe, miguuni, taratibu, na miguu haikukatika. Akaweka kopo kwenye ubao wa dirisha. Akafungua rangi nyeusi, akachovya brashi, akaifuta mdomoni mwa mkebe, akamkabidhi mumewe akimtangulizia mpini.

"Haya, Fundi," akasema.

Nyumbani hakuwahi kumwita Fundi. Hilo lilikuwa jina la watu wa nje.

Akaipokea. Angefanya nini? Mkono ukatoka mfukoni, na ulikuwa umekwisha anza. Akausogeza karibu, brashi ikagonga kibanio, ti ti ti ti, kama kuku anayedonoa bati. Akaupeleka tena. Mstari mweusi ukamkata muuguzi kutoka jicho mpaka kidevu. Askari wa kopo alisimama tuli, hakutikisika hata kidogo, kwa hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kulaumiwa.

Msanifu akaangalia viatu vyake.

"Ni baridi," mama yake Fundi akasema. "Mwanangu bado hajanywa chai."

Hapakuwa na baridi. Jasho lilikuwa linamtoka Fundi puani.

Mke aliniambia kwamba alitaka amwone anaumbuka, na alipomwona alitamani afumbe macho. Aliitoa brashi kwenye vidole vyake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akafuta uso wa muuguzi kwa kitambaa, akapaka baka la kulia, akazungusha kopo, akapaka la kushoto. Haikufika hata dakika mbili.

Msanifu akainama, akaangalia. Akamwangalia yule mwanamke muda mrefu kuliko alivyomwangalia muuguzi.

"Na lile jengo la shule? Na lile la ghorofa?"

"Ni mimi."

"Yote?"

"Miezi minane," mke akasema.

Msanifu akasimama. Akasema jioni kabla ya saa kumi na mbili awapate watu wake ofisini, na habari ya kazi nyingine wataizungumza baadaye, kwa sasa kichwa chake hakina nafasi. Mlangoni akageuka, akamwambia mke, "Unapaka vizuri sana. Lakini kubana, mama, wote uwabane miguuni kama huyu."

Fundi alikuwa amesimama palepale. Njia ilikuwa wazi ya kusema maneno mawili tu, nilibana mimi. Mama yake alikuwepo, mkewe alikuwepo, Msanifu alikuwa ameshika komeo. Akaurudisha mkono mfukoni. Mlango ukafungwa.

*

Siku nzima mke alipaka. Alibana mwenyewe, akapaka mwenyewe, akasubiri rangi ishike, akawatoa kibanioni. Fundi alikaa upande wa pili wa meza. Mara moja aliunyoosha mkono asogeze kopo, mke akalisogeza kabla hajalifikia. Mama mkwe dirishani hakumwita jirani yeyote, na jirani aliyepita na kuuliza Fundi anaendeleaje akaambiwa anaendelea.

Saa kumi na moja kazi ilikuwa imekwisha. Mke alianza kutafuta viatu.

"Nitapeleka mimi," Fundi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Akalikumbatia boksi kwa mikono yote miwili. Alipofika mlangoni akarudi, akapenyeza vidole nyuma ya makopo ya rangi rafuni, akatoa kiboksi cha kibiriti, akakitia mfuko wa shati. Mke akamwona. Fundi havuti sigara, na jikoni kibiriti kilikuwepo.

Wakabaki wanawake wawili. Mke akaanza kuosha brashi. Mama mkwe akakohoa mara mbili.

"Nilijua," akasema.

Mke hakugeuka. Akauliza alijua nini.

"Habari ya mkono. Anaomba chai nusu kikombe. Mtoto niliyemnyonyesha mimi hakuwahi kuniomba nusu kikombe."

Maji yakaendelea kumwagika. Mke akayafunga.

"Na nani anapaka, hilo ulilijua?"

Mzee akavuta nguo yake magotini, akainyoosha, akaivuta tena. "Mwanangu akipaka hupiga mluzi. Tangu akiwa kijana, kwenye ngazi, kwenye mabango, mluzi tu. Miezi minane sijasikia mluzi nyuma ya pazia lile."

"Basi kwa nini ulinisema, Mama?"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Nilidhani nikisema kwa sauti kwamba ni yeye, majirani wataamini, na yeye mwenyewe akisikia ataamini. Mtu akiamini huenda mkono ukarudi." Akatazama dirishani. "Sikuuliza nani analipia maneno yangu."

"Nimelipia mimi."

"Ndiyo," mama mkwe akasema. "Umelipia wewe."

Neno la msamaha halikutoka. Kuna wazee ambao neno hilo halina njia kooni mwao, na mke hakulingoja. Hasira yake haikupungua, bali iliongezeka, kwa sababu sasa ilikuwa na watu wawili wa kugawiwa. Aliniambia kuwa alikuwa tayari ameweka brashi chini, anatafuta mkoba wake, aende kwa dada yake japo siku tatu.

Lakini alipogeuka alimkuta mzee wa watu amesimama, ameshika pazia kwa mikono miwili, analivuta. Kamba ilikataa. Akavuta kwa uzito wake wote, ikakatika, akapiga hatua mbili za kinyumenyume na pazia limemfunika kichwa kama bibi arusi. Akajitoa, akalikunja mara nne, akaliweka kitandani kwake. Kisha akashika mgongo wa kiti chake na kukiburuta kutoka dirishani mpaka kwenye kona yenye giza, karibu na mlango wa jikoni.

"Meza ikae hapa," akasema, akionyesha mahali palipokuwa na kiti. "Unayaua macho yako humo ndani."

Hawakukumbatiana. Waliwashusha askari sakafuni mmoja mmoja, wakabeba meza, kila mmoja na upande wake. Mguu wa meza ukatua juu ya kidole cha mke, akaguna. Mama mkwe akauliza kama ameumia. Akasema ndiyo. Mama mkwe akamwambia akae, na askari arobaini akawarudisha yeye mezani, kopo kwa kopo, akihema, na mstari wa nne ukatoka kombo.

*

Fundi alirudi taa zimewashwa. Akasimama mlangoni akaangalia chumba kisicho na pazia, akamwangalia mama yake kwenye kona. Mama yake alikuwa amesinzia palepale kitini, kidevu kifuani. Mke akamwamsha, akamshika mkono mpaka kitandani, akamfunika. Halafu akarudi akaketi kando ya meza, dirishani. Fundi akaketi upande wa pili.

Akamweleza. Alimkuta Msanifu na karani wake na vijana wawili wachoraji. Msanifu akawapokea wale watu, akawaangalia mmoja mmoja, akasema sasa anaweza kulala. Fundi angeweza kuondoka hapo. Alikwisha geuka. Kisha akatoa kiboksi cha kibiriti, akakisukuma wazi mbele yao, na kwa jinsi mkono ulivyocheza, wale watu watatu wasio na miguu wakarukia mezani. Kijana mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Fundi akasema, "Hawa niliwavunja mimi. Na wale wengine, niliwabana vichwa mimi, kwa sababu nilishindwa miguu. Mke wangu hakumbana hata mmoja."

"Akasemaje?" mke akauliza.

Msanifu aliuliza sasa kwenye kile kibao cha pembeni ya mfano, palipoandikwa aliyepaka rangi, aandike nani. Fundi akamwambia. Msanifu akamsogezea karatasi na kalamu aandike jina la mkewe sawasawa, lisije likakosewa mbele ya wafadhili. Fundi akaitazama kalamu. Ikabidi amtajie karani herufi moja moja, jina la mke na la baba yake mke, wale vijana wanasikiliza, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesimamishwa mbele.

"Kazi?"

"Kazi ipo. Ni yako. Ameniambia niende hospitali. Akauliza nani atakuwa anakubania. Nikasema sijui, nitauliza."

Mke akachukua askari mmoja wa mstari wa nne, akamnyoosha.

"Leo nimekusingizia," Fundi akasema, macho yake kwenye makopo. "Asubuhi ilinitoka. Sikuipanga, ilinitoka tu."

"Ya asubuhi niliielewa," mke akasema. "Ya mlangoni nilikungoja. Nilikungoja, baba watoto. Nilikuwa nahesabu pumzi."

Fundi alikuwa ameuweka mkono juu ya meza, haukufichwa mfukoni, na makopo ya karibu nao yalikuwa yanalia kidogo, moja likigusana na jingine. Mke akayasogeza mbali, yakanyamaza.

Kisha mke akainuka.

"Kesho utawabana miguuni," akasema. "Ikikatika, ikatike. Utaniambia imekatika."

"Nitakuambia."

Wakaenda kulala. Fundi alilala chali, mkono wa kulia juu ya shuka, unacheza, unacheza, kama unatafuta kitu kitandani. Mke alikuwa macho. Hasira bado alikuwa nayo, alilala nayo upande wake wa kitanda. Pumzi za mumewe zikawa nzito, na usingizi ulipomchukua, mkono nao ukaacha. Ukatulia kabisa. Mke ndiye aliyekuwa peke yake duniani anayejua kwamba mkono ule nao hulala. Akauangalia kwa mwanga wa dirishani, umenyooka, umetulia, mkono wa kuvuta mstari ubavuni mwa lori. Akaufunika kwa shuka usipate baridi. Akageukia ukutani, akasikiliza chumba cha pili kama mzee amelala. Amelala. Na yeye akalala.